Jibu la Mbu wa Bondeni: Risala ya Wafanyakazi wa Kituo cha Utafiti wa Mbu kwa Waziri wa Afya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Viongozi wa mji, na viongozi wa vyama vya siasa vya pande zote, ambao leo tumewakalisha safu moja,
Mganga mkuu wa hospitali jirani pamoja na wauguzi,
Majirani zetu wa mtaa wa bondeni, mnaotufungulia milango alfajiri tuokote mbu ukutani huku wenyewe mkiwa bado mmejifunika shuka,
Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, sisi wafanyakazi wa kituo hiki tumefurahi kukuona. Karibu sana. Tulipoambiwa kwamba ungekuja wewe mwenyewe kufungua jengo letu jipya, na si kumtuma mtu, tulisafisha hata sehemu ambazo hutazifikia.

Ukiumwa na mbu leo, tunaomba radhi mapema. Tunakuhakikishia tu kwamba mbu huyo si wa kwetu. Wa kwetu wote wako vizimbani, wameshiba, na hawana ugonjwa wowote.

Anayesoma risala hii ni fundi wa chumba cha mabuu. Wenzangu wamenichagua kwa kuwa eti sauti yangu haitetemeki. Tutaona.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kilianzia katika chumba kimoja tulichoazimwa na hospitali, chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka. Mbu wanahitaji joto na unyevu, nasi hatukuwa na mashine, kwa hiyo tuliwasha balbu kubwa mchana kutwa na kutundika mataulo yaliyolowa. Mabuu tuliwafuga kwenye mabeseni ya plastiki, tukiwalisha chakula cha samaki kilichosagwa. Wakishaota mabawa tuliwahamishia kwenye vizimba vya neti na kuwapa maji ya sukari kwenye pamba.

Jike hatagi bila damu, na mashine ya kumlishia damu haikuwepo. Tuliwalisha kwa mikono yetu. Unaingiza mkono kizimbani, unautuliza hapo mpaka washibe, na kwa mkono wa pili unakunywa chai yako. Mama mkwe wa mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza mkwewe anafanya kazi gani, akajibiwa kwamba analisha mbu. Akauliza kama hiyo ni kazi ya serikali.

Aliyetuanzishia haya yote ni mtafiti mmoja, mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea na mzito wa kusema. Daima shingoni alining'iniza mrija wa kuwanyonya mbu ukutani bila kuwaua, kama muuguzi mwenye kipimo chake cha mapigo ya moyo. Majirani wakamwita Mama Mrija, na kituo wakakiita Nyumba ya Mbu. Majina yote mawili yakashika. Alikuwa mkuu wetu tangu balbu ile ya kwanza mpaka msimu tutakaoueleza hapa chini.

KAZI YETU

Kazi yetu ni kumuuliza mbu swali moja kila mwaka: dawa hii bado inakuua?

Tuna mbu wa aina mbili. Wapo tuliowazaa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, ambao hawajawahi kukutana na dawa. Hao tunawaita wa bweni. Na wapo tunaowaokota kwenye kuta za nyumba za watu. Hao ni wa mtaani. Tunawaweka wote kwenye mirija mipana yenye karatasi iliyopakwa dawa, tunasubiri saa nzima, tunawatoa, tunawapa maji ya sukari, na kesho yake tunatazama nani amekufa na nani yu hai. Wa bweni wakifa, tunajua dawa ni nzima. Wa mtaani wasipokufa, tunajua wameizoea, na kwamba kuipuliza ukutani ni sawa na kupaka rangi.

TULIYOYAFANIKISHA

Leo tuna jengo lenye chumba cha joto kinachojiendesha, mashine ya kulishia damu, na maabara ambayo hatuazimi kwa mtu. Tumefundisha mafundi wa vituo vingine. Misimu hii miwili ya mwisho, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi ametueleza kwamba wajawazito wanaolazwa kwa malaria wamepungua sana, hata kuna juma lilipita bila kumlaza yeyote. Hilo tunaliweka mbele ya mengine yote.

Lakini Mheshimiwa, mafanikio hayo yana njia yaliyoipitia. Wengi waliopo hapa waliisikia njia hiyo vipande vipande, kila mtu kipande cha upande wake. Tunaomba ruhusa yako tuieleze yote, tangu mwanzo, kwa utulivu.

MSIMU ULE

Ulikuwa msimu wa uchaguzi. Wewe ulikuwa mgombea wa ubunge hapa kwetu. Watu walikuwa wanaumwa kweli, na wewe uliwaahidi kwamba kila nyumba itapuliziwa dawa ukutani. Nia ilikuwa njema, na tunalisema hilo bila kusukumwa na mtu. Madumu ya dawa yalikuja, vijana wakavalishwa ovaroli mpya, siku ya uzinduzi ikapangwa. Kituo kikaombwa kitoe neno tu kwamba dawa inafaa, neno la kukamilisha utaratibu.

Mama Mrija hakuwa mtu wa kutoa neno hivi hivi. Alitutuma bondeni tukaokote mbu.

Tulipowapima, wa bweni walianguka na hawakuamka tena. Wa mtaani nao walianguka chali, miguu juu, na sisi wengine tukaanza kupeana mikono. Yeye akasema tusiandike kitu mpaka asubuhi. Asubuhi tulipofungua, zaidi ya nusu ya wale wa bondeni walikuwa wamesimama kwenye neti, wananyonya sukari yao kama hakuna lililotokea.

Alivuta kiti, akaanza upya kwa karatasi mpya, akihofia za kwanza ziliharibika. Jibu likawa lile lile. Akarudia tena, na likawa lile lile.

Alilipeleka mwenyewe kwa miguu mpaka ofisi ya kampeni ya upuliziaji. Mwenzetu mmoja alifuatana naye, na ndiye aliyetusimulia. Mratibu aliwapokea kwa adabu, akawapa viti na maji ya kunywa. Alieleza kwamba madumu yameshafika, watu wameshaalikwa, mabango yameshatundikwa. Hakuna aliyekuwa anawaomba waseme uongo, alisema. Waliombwa tu wasubiri, jibu litoke baada ya kura.

Mama Mrija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mvua zinaanza kabla ya kura, ndugu yangu. Mjamzito nimwambie asubiri kuumwa?"

Mratibu akajikuna kichwa. Mama Mrija akaendelea kumweleza, taratibu, kwamba hasemi wasipulize. Anasema watafute dawa ya aina nyingine, na kama haipo, basi angalau wawaambie watu wasiache vyandarua hata usiku mmoja. Mratibu aliahidi kulifikisha kwa wakubwa. Na kwa kumtendea haki, alilifikisha.

Uzinduzi ukafanyika. Uwanja ulijaa, muziki ukapigwa. Gari la kituo chetu liliazimwa kubeba vipaza sauti, likiwa na jina la kituo mlangoni, na dereva wetu akaagizwa aliendeshe. Dereva huyo tunamwita Breki, kwa kuwa tangu aajiriwe hajagonga hata kuku. Alizunguka mitaa yote huku sauti ya kurekodiwa ikitangaza kwamba wataalamu wamethibitisha. Pale uwanjani mshereheshaji alitia chumvi yake, akawaambia watu sasa vyandarua wavitumie kufugia kuku. Watu wakacheka. Kuna waliocheka na kuna waliofanya kweli.

Kisha habari za jibu letu zikavuja. Zilivujia wapi hatujui mpaka leo. Zilifika upande wa pili wa siasa, na huko hazikusemwa kama zilivyokuwa. Kwenye mkutano wao watu waliambiwa kwamba wataalamu wenyewe wameikataa dawa kwa sababu ni sumu, inamaliza nguvu za kiume na kuharibu matumbo ya akina mama. Jioni ile ile nusu ya bondeni wakawafungia milango wapulizaji. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakatupa na vyandarua, maana navyo vina dawa.

Ikawa mtaa mmoja, nyumba zimepakana ukuta. Huku wamepuliziwa na wameacha chandarua kwa sababu wanaamini. Huku hawakupuliziwa na wametupa chandarua kwa sababu wanaogopa. Mbu waliingia kote.

Wakuu wa upande wa pili walikuja hapa kituoni kumtaka Mama Mrija apande jukwaani kwao. Walikuja na maneno mazuri, wakamwita shujaa. Sisi tulikuwa chumba cha pili tukiosha mabeseni, ukuta ni wa mbao, tukasikia kila kitu. Aliwajibu hivi: "Mimi sikusema dawa ni sumu. Nilisema mbu wameizoea. Mkinipandisha jukwaani nitasema hivyo hivyo, na hamtapenda."

Waliondoka bila kumaliza chai.

Haukupita muda akahamishwa. Upande wa kwanza, ule wa kampeni ya dawa, uliamini ndiye aliyevujisha jibu. Upande wa pili ulitangaza kwamba amenunuliwa. Mtu aliyesoma mbu maisha yake yote alipelekwa makao makuu, kitengo cha usafirishaji, kazi yake ikawa kupanga gari lipi liende wapi. Siku ya kuondoka alitukabidhi funguo, akapita kizimba kwa kizimba kama mtu anayeaga wodi. Alituachia agizo moja tu: wale wa bondeni wasife.

Hakukawia mtu kupiga simu kutoka juu akitaka chumba kisafishwe, na mbu wasiohitajika waondolewe. Kaimu mkuu wetu, kijana mpole aliyekuwa amerithi kiti bado kina joto, alikuja chumba cha mabuu akatuuliza ni mbu wepi wasiohitajika. Tukamwambia hakuna. Akarudi ofisini akawajibu kwamba chumba kimesafishwa. Na kweli tulikuwa tumepiga deki.

Mvua zikaja.

Wauguzi waliopo hapa wanaikumbuka hali ile kuliko sisi. Wodi zilijaa, vitanda vikatoka mpaka ukumbini, watoto wakalazwa wawili wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule. Maji yalifika shingoni.

Breki ameturuhusu kulisema hili, na mkewe, shemeji yetu, ameturuhusu pia. Nyumba yao ilipuliziwa ya kwanza katika mtaa wao, kwa heshima ya dereva wa gari la matangazo. Chandarua kilikunjwa kikawekwa juu ya kabati. Shemeji alikuwa na mimba kubwa, mimba waliyoingoja miaka mingi mpaka ndugu wakaanza kuwaonea huruma. Homa ilipoanza alidhani ni uchovu tu. Jirani yake ndiye aliyemkuta sakafuni jikoni, anatetemeka, hamjui mtu. Breki alimbeba kwa gari la kituo, lenye picha za kampeni bado ubavuni, na wauguzi wanasema siku hiyo alipiga honi tangu barabarani mpaka mlangoni.

Shemeji alipona. Mtoto, wa kike, hakupona.

Baada ya mazishi Breki alirudi kazini bila kuitwa. Alilisogeza gari kwenye bomba la maji, akachukua kijiko jikoni kwetu, akaanza kubandua zile picha moja moja. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwambia aendelee. Alipomaliza alikiosha kijiko vizuri, akakirudisha.

Wakati huo, Mheshimiwa, ulikuwa umeshashinda. Ulikuja hospitali kuwapa pole wagonjwa, ukapita ukumbini katikati ya vitanda. Mganga mkuu anasema ulimuuliza kama nyumba za watu hawa zilirukwa, na yeye akakujibu kwamba nyingi zilipuliziwa. Ukauliza njia ya kuja kwetu. Msafara wako ukabaki mbele, wewe ukapitia geti la nyuma, lile la kutolea taka, ukatukuta na aproni zetu.

Ulitaka kuona kwa macho yako. Kaimu alikupa mrija ukawanyonya mbu mwenyewe, ukakohoa, tukaogopa umewameza. Ukawapuliza ndani ya ule mrija mpana wenye karatasi ya dawa. Saa nzima ulikaa kwenye kiti cha mbao, simu inaita mfukoni hupokei. Walipoanguka ukatugeukia: si wanakufa hawa? Tukakuomba urudi asubuhi.

Kusema kweli hatukutegemea. Viongozi wengi wametuahidi asubuhi. Lakini ulirudi, wewe na dereva wako tu. Kaimu akafungua, na wale wa bondeni walikuwa wamesimama kwenye neti, hai, zaidi ya nusu yao.

Ulitazama kwa muda mrefu. Kisha ukasema: "Kwa nini sikuambiwa?"

Breki alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua ufunguo wa gari, na ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono nyuma: "Uliambiwa, Mheshimiwa."

Ukamtazama, ukamuuliza yeye ni nani. Akasema ni dereva, aliyekuwa anaendesha lile gari la matangazo. Habari ya mtoto hakuitaja. Hukumfokea. Ulikaa tena kwenye kile kiti, ukasema ni kweli, kwenye kikao kimoja mtu alisema wale wa mbu wana wasiwasi kidogo, ukasema litazamwe baadaye, mkaendelea na mambo ya jukwaa.

Habari ya mtoto ulielezwa na wauguzi baadaye, ukaenda nyumbani kwa Breki ukakaa na shemeji. Mliyozungumza pale ni yenu na yao, hayamo katika risala hii.

Msimu uliofuata dawa ilibadilishwa. Vyandarua vikagawiwa upya. Wodi zikapungua watu. Kwa hilo tunakushukuru mbele ya wote, kwa moyo mweupe, kwa sababu wapo wakubwa wanaoonyeshwa na bado hawaoni.

CHANGAMOTO

Hata hivyo kuna mambo yamebaki yananing'inia.

Dawa ilipobadilishwa, tangazo lilisema imeboreshwa. Halikusema kwa nini. Kwa hiyo mpaka leo bondeni wapo wanaoamini Mama Mrija alinunuliwa, na wapo wanaoamini aligundua sumu akafichwa. Wote wanakosea, na hatuna jukwaa la kuwasahihisha. Tukigonga milango alfajiri kuomba kuokota mbu, kuna nyumba bado tunaulizwa sisi ni wa chama gani. Tunajibu kwamba sisi ni wa mbu. Wengine hucheka wakafungua. Wengine hawafungui, na nyumba isiyofunguliwa ni jibu tunalolikosa.

Utaratibu nao haujabadilika. Dawa hununuliwa kwanza, mbu huulizwa baadaye. Na mbu akishajibu, jibu lake hupita ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ina mtu wa kuuliza kama huu ni wakati mwafaka. Hatujawahi kukutana na mtu mbaya katika ofisi hizo. Ni watu wastaarabu, wenye familia kama sisi. Kila mmoja hulichelewesha kidogo tu.

Vilevile mwaka ujao ni wa uchaguzi tena, na tayari gari letu limeulizwa kama litakuwa na nafasi.

MAOMBI

Tunaomba jibu la mbu libandikwe mlangoni pa kituo na pa hospitali siku linapotoka, bila kusubiri kibali, na vyama vyote vilipate kwa wakati mmoja na kwa maneno yale yale. Likifichwa kwa mmoja, mwingine ataligeuza. Tumeshaona.

Tunaomba dawa yoyote ipimwe kwa mbu wa hapa kabla madumu hayajalipiwa.

Tunaomba gari la kituo lisiazimwe na kampeni ya chama chochote, hata kama chama hicho kinatupenda.

Tumesikia wapo wanaopendekeza jengo hili liitwe kwa jina lako. Usituelewe vibaya. Tunaomba libaki kuitwa Nyumba ya Mbu kama majirani wanavyoliita. Jengo lenye jina la kiongozi linaweza kuona haya kutoa jibu lisilompendeza.

Na tunamwomba Mama Mrija arudi. Tulimpigia simu kumwalika leo, akasema ana magari ya kupanga, asingeweza. Hakuuliza nani atakuwepo, wala hakuuliza kama atatajwa. Aliuliza wale wa bondeni wanaendeleaje, tukamwambia wazima, wanazaana, na chumba chao sasa kina joto la kutosha. Akasema vizuri, akakata. Kabla hajarudi, kuna kitu kidogo unaweza kumfanyia leo hii. Utakaposhika kipaza sauti, waambie majirani zetu kwamba alichosema kilikuwa kweli. Sentensi moja inatosha. Sisi tumeisema mara nyingi, ila kwetu inasikika kama watoto wanaomtetea mama yao.

JIBU LA MSIMU HUU

Sehemu hii haikuwemo katika risala tuliyokutumia. Imeongezwa asubuhi ya leo kwa kalamu, na inafaa watu wajue imeingiaje.

Majibu ya kipimo cha msimu huu yalikamilika jana. Ulipofika leo, kaimu mkuu alikuonyesha ofisini kabla hujanywa hata maji. Msaidizi wako, kijana mwema, alishauri jambo hili lishughulikiwe kwa utaratibu, baada ya sherehe, maana waandishi wa habari wapo na mwaka ujao si mbali. Tulijua njia hiyo inakokwenda, tukainamisha vichwa. Wewe ukamrudishia kaimu ile karatasi, ukasema: "Niambieni mbele ya watu. Faraghani nilishawahi kuambiwa."

Basi, Mheshimiwa, tunakuambia mbele ya watu.

Dawa ya sasa si sumu. Bado inaua mbu wengi wa bondeni, na msimu huu itafaa. Majirani, wapulizaji wakija wafungulieni. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza tangu ibadilishwe, baadhi ya mbu walioanguka waliamka asubuhi. Si wengi. Tulirudia kipimo, wakaamka tena. Maana yake ni kwamba wameanza kuizoea, na msimu ujao, ule wa uchaguzi, watakuwa wengi zaidi. Dawa ya kuchukua nafasi ya hii itafutwe sasa, wakati bado kuna muda, na ipimwe kwanza. Kuanzia leo, nyumba iliyopuliziwa na isiyopuliziwa, ya chama hiki na ya chama kile, watu wote walale ndani ya chandarua.

Jibu ndilo hilo. Halina upande.

Mheshimiwa, Mungu akupe afya na kifua cha kubebea unayoambiwa. Awalinde wajawazito wa mji huu na walio matumboni mwao. Awape wauguzi wetu wodi zenye vitanda vitupu. Nasi atuongezee uvumilivu wa kungoja mpaka asubuhi kabla ya kuandika.

Tunashukuru kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Nyumba ya Mbu: watafiti, mafundi, waosha mabeseni, walinzi na dereva.